Mwongozo wa Mtengeneza Filamu Anayekuja Bwaise na Mabuti Mapya

Umechaguliwa. Barua pepe umeisoma mara nne, umempigia mama, umewaambia na majirani. Kwa wiki sita utakaa Kampala, katika kambi ya watengeneza filamu huru wenye miradi ya mazingira: chumba cha bure, chakula cha bure, mshauri wa kukusomea andiko kwa kalamu nyekundu, na siku ya mwisho utasimama mbele ya wafadhili useme filamu yako inahusu nini. Ukurasa wa kwanza wa andiko lako hauna simba, hauna msitu wenye ukungu. Umeandika Bwaise.

Nimefurahi kwa dhati. Bwaise naipenda na filamu nazipenda, na nimechoka kuona viwili hivyo vikikutana vibaya. Basi vuta kiti.

Tuanze na mabuti. Najua umenunua ya mpira, ya kijani, yanayofika magotini. Yalete, utayahitaji. Ila usiyavae siku ya kwanza jua likiwa linawaka. Mtu anayekatiza vichochoro vya Bwaise kiangazi na mabuti ya magotini ameshatangaza alichokuja kutafuta, na watu ni wakarimu: watamwonyesha hichohicho, mfereji mchafu kuliko yote na nyumba iliyobomoka kuliko zote, kisha watamuaga. Vaa kandambili, ambazo huku wanaziita sapatu. Nunua chapati ya kukunjwa na mayai, yaani rolex, kwa kijana wa kona. Kaa kwenye benchi lake hadi uimalize. Kamera iwe ndani ya begi.

Jioni hiyo, rudi chumbani ufute sentensi ya kwanza ya andiko lako. Naijua hata kabla sijaiona: mtoto peku anavuka maji meusi, kamera iko usawa wa magoti yake, kinanda kinalia polepole. Sentensi hiyo imeandikwa Kibera, imeandikwa Jangwani kule Dar es Salaam, na Bwaise imeandikwa mara nyingi hadi watoto wenyewe wakiona kamera wanajua pa kusimama. Mtoto yule ana jina, ana darasa, ana dada mkubwa aliyemkataza kupita pale. Picha yake itazunguka ulimwengu, naye atabaki na wenzake shuleni watakaomwita jina alilopewa na filamu yako.

Hata hivyo, kosa la sentensi ile halikomei kwenye adabu. Ni kosa la hadithi: inaanzia mwisho. Maji yanapofika magotini mwa mtoto, karibu kila lililohitaji kuamuliwa limeshaamuliwa, na watu wengine, mahali pengine, pakavu.

Kwa hiyo siku ya pili usishuke. Panda. Kampala ni mji wa vilima, na Bwaise imelala bondeni, katika divisheni ya Kawempe, kaskazini ya kilima cha Makerere, kando ya barabara ya Bombo. Kabla ya nyumba palikuwa na mafunjo. Bwaise ya Tatu ina mtaa unaoitwa Katoogo, na jina lenyewe limebeba neno la Kiganda ekitoogo, yaani funjo. Wenyeji waliokupa ramani kwa jina hilo hawakuficha kitu: hapa ni mahali pa maji. Simama kilimani katika mvua za Aprili au za Oktoba, uelekeze kamera kwenye mabati. Bati la bweni, bati la ukumbi, lami ya maegesho, zege la ua uliokuwa na majani. Kila kimoja kinatema maji ambayo udongo ungeyanywa. Kisha teremka nayo taratibu, ukifuata mfereji wa Nsooba kupitia Kalerwe, penye soko, ambako maji yanaokota majani ya migomba, maganda, chupa na kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Ndipo yanaingia Bwaise, yamebeba vya kila aliye juu.

Mafuriko ya Bwaise hupikwa vilimani. Huko Bwaise hupakuliwa tu. Ukisahau yote niliyoandika hapa, hilo lishike.

Maana yake kwa kazi yako ni hii. Kwenye orodha ya mahali pa kupigia picha, nusu iwe juu. Kwenye orodha ya watu wa kuhoji, mweke mwenye nyumba aliyemwagia zege ua mzima, mhandisi wa mfereji, msimamizi wa ujenzi unaoendelea kwenye mteremko. Utazungushwa. Watu hao wana mageti, walinzi na makatibu, na kila katibu atakuambia uandike barua. Andika barua. Rudi tena. Bwaise haina geti, ndiyo sababu kamera zinaingia kwa urahisi na kudhani hadithi yote imekaa humo. Wiki mbili za kambi yako zikiisha kwenye viti vya kungojea ofisini, hujazipoteza.

Na takataka? Utashawishika kupiga picha ya mkono unaotupa mfuko mferejini. Kabla hujaipiga, uliza gari la taka linapita wapi, siku gani, na linatoza kiasi gani kwa gunia. Pima kichochoro kwa mikono yako miwili. Halafu kumbuka kwamba taka zilizofanikiwa kutoka mitaani zilikuwa zikipelekwa Kiteezi, jalala lililofunguliwa mwaka 1996, na tarehe 10 Agosti 2024 mlima huo wa taka uliporomoka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya 30. Kaveera nayo ilipigwa marufuku na sheria ya mwaka 2009, lakini hadi leo muuza nyanya atakufungia nyanya zako ndani yake kabla hujaomba. Mkono ule unaotupa mfuko ni pingili moja tu ya mnyororo mrefu. Ukiuonyesha peke yake umesema uongo kwa picha ya kweli.

Sasa unaweza kushuka. Lakini kwanza mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Nenda mwenyewe, usimtume mtu, usalimie vizuri, ueleze unafanya nini kwa maneno ambayo ungeyasema mbele ya wafadhili. Yakiwa tofauti, yaliyo tofauti ni ya kurekebisha. Vibali vya mji navyo vitafute. Ni kazi ya siku kadhaa, haina utamu, maliza.

Somo langu kubwa liko kwenye kizingiti.

Nilikaa asubuhi moja mlangoni kwa Nnalongo mmoja. Nnalongo ni mama wa mapacha. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita, na ndivyo nawe utakavyomwita. Nilimwambia “Gyebale ko, Nnalongo,” salamu ya aliye kazini, kwa kuwa nilimkuta anafua, naye akanisogezea kigoda. Nilimuuliza kuhusu mafuriko, akanionyesha kizingiti chake kama mtu anayefungua albamu ya picha. Tabaka la chini ni tofali la fundi aliyejenga. Juu yake kuna saruji ya kijivu iliyokoza, ya mwaka mapacha walipoanza kutambaa na maji yakaingia usiku. Juu yake tena kuna saruji nyingine, nyepesi, yenye alama za vidole: hiyo aliipaka mwenyewe, baada ya jirani wa kushoto kuinua cha kwake na maji yakahamia huku. Alilisema hilo bila kinyongo. Naye alipoinua, maji yalihamia kwa jirani wa kulia. Juu kabisa kuna kiroba cha mchanga, kinachokuja na kuondoka na misimu.

Kisha akanionyesha mlango. Ulikuwa umekatwa kwa chini mara mbili, ili uendelee kufunguka. Kuingia unainama, ukiwa ndani unagundua kwamba sakafu nayo imepandishwa kwa kifusi, na bati limekaribia kichwa. Kitanda kimesimama juu ya matofali. Gunia la unga liko juu ya meza, vyeti vya shule viko kwenye mfuko wa plastiki uliotundikwa msumarini, na redio ina msumari wake wa juu zaidi. Kila kitu chumbani kimepangwa kwa urefu wa maji. Mvua ikianza, aliniambia, cha kwanza kuinuliwa ni godoro, kwa kuwa likinyonya yale maji halirudi kuwa godoro. Na godoro halibebwi na mtu mmoja.

Ndugu yangu, hiyo ndiyo filamu. Mkono wa mama ukipanda tabaka hadi tabaka, mwaka hadi mwaka, na sauti yake ikitaja nani alimsukumia nani maji. Chumba kimoja, hakuna muziki. Droni yako iache sandukuni. Kutoka angani Bwaise ni mabati yenye kutu tu, na hakuna droni inayoona tofauti ya tabaka moja la saruji na jingine, wakati tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atalala usiku wa leo.

Inabaki sehemu ambayo watengeneza filamu huikimbia, au huikimbilia vibaya. Choo. Bwaise utaona vyoo vya kupanda ngazi, ngazi nne, tano, na mlango wa bati juu kabisa. Mgeni huchekelea, hupiga picha, hupita. Uliza kwanza. Maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi. Ukichimba shimo kidogo tu, linajaa. Kwa hiyo shimo hujengwa kwenda juu badala ya kuchimbwa kwenda chini, na ngazi hufuata. Shimo fupi linalotumiwa na familia nyingi hujaa upesi. Gari la kunyonya haliingii kichochoroni, na likifika barabarani bado lina bei yake. Wapo vijana wanaofanya kazi hiyo kwa pampu za mkono na mapipa, kazi ngumu yenye kustahili heshima kubwa kuliko wanayoipata. Na wapo wanaongoja mvua kubwa, wafungue shimo, maji yachukue.

Ukitaka kuandika neno “uchafuzi” kwenye andiko lako, liandike baada ya kuyajua hayo yote. Na usimweke mtu mbele ya kamera akiri kwamba alifungua choo usiku wa mvua. Atatozwa faini yeye, wewe utapata tuzo. Rekodi sauti bila uso, ikibidi ubadilishe na sauti yenyewe, au chora. Filamu ya katuni ya dakika tatu kuhusu safari ya choo hicho, ikisimuliwa na watu wanaokijua, itafundisha kuliko picha kumi za kushtua. Kambini mwambie mshauri wako kwamba unahitaji mchoraji, na usikubali akuambie mazingira hayachorwi.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lichukue. Baganda wana bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa ajili ya mahali penu, na watu wa mtaa wakitoka kuzibua mfereji, wewe uliyekula chapati yao na kukaa kwenye vigoda vyao huwezi kusimama juu ya daraja ukitafuta pembe nzuri ya mwanga. Ingia na koleo. Zamisha mikono. Utajua uzito wa matope yaliyochanganyika na kaveera, ambayo hayakatiki kwa koleo wala hayachoteki. Yanavutwa kama nyavu. Utajua pia nani anawaongoza wenzake bila cheo chochote, na huyo ndiye wa kumfuata kwa kamera wiki inayofuata, akikubali.

Halafu fuata maji hadi yanakoenda. Maandiko mengi ya filamu kuhusu Kampala humalizia na machweo juu ya Ziwa Victoria, maji machafu yakiingia ziwani. Hiyo ni hadithi ya mfereji wa Nakivubo, upande wa kusini. Maji ya Bwaise yana njia nyingine: yanaelekea bonde la Lubigi, kutoka hapo mto Mayanja, kisha mto Kafu, kisha Nile, bila kuligusa ziwa lile. Lisahihishe andiko lako leo, kabla mhandisi hajakusahihishia hadharani.

Lubigi ndiyo inayostahili mwisho wako. Ni kinamasi kipana cha mafunjo kinachopokea maji, kinayapunguza mwendo na kuyachuja. Simama ukingoni uone vilivyomo. Mashamba ya magimbi. Mfereji mkuu uliopanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtambo wa kusafisha majitaka uliozinduliwa mwaka 2014. Barabara ya mchepuo ya kaskazini, kilomita 21, iliyofunguliwa mwaka 2009, ambayo ilikatiza bonde hilohilo. Wakazi wa Bwaise watakusimulia jinsi maji yalivyobadilisha tabia tangu ilipojengwa. Na Juni 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu waliojenga ndani ya kinamasi. Mimi naamini mafunjo yale lazima yalindwe, kwa sababu yakiisha Bwaise itazama kabisa. Naamini pia kwamba kamera inayomwonyesha mama akikusanya mabati yake baada ya kubomolewa ina wajibu wa kugeuka kidogo kushoto, ionyeshe na barabara, ionyeshe na maghala, halafu imuulize mwenye sheria: sheria hiyo ilipimwa kwa kamba gani? Muulize kwa heshima, umpe nafasi ya kujibu, na jibu lake uliache refu.

Hapa unahitaji kujua waliokutangulia. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, kuhusu sangara wa Mwanza. Ilisifiwa ulimwenguni, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliijibu hadharani kwa hasira, na Tanzania nzima ilibishana kuhusu mapanki, yaani mabaki ya sangara. Filamu ile ina ya kuitetea na ina ya kuilaumu. Linaloniuma ni moja: rais alikuwa na jukwaa la kujibu, mwanamke aliyekuwa akianika mapanki juani hakuwa nalo. Linganisha na Thank You for the Rain ya mwaka 2017. Julia Dahr alitoka Norway akampa kamera mkulima wa Kitui, Kisilu Musya, naye akajirekodi kwa miaka, shamba lake, mkewe na watoto, hata dhoruba iliyoharibu nyumba yake. Mwishowe mkulima huyo akafika Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa mwaka 2015 akiwa na jambo la kusema. Wiki zako sita hazitoshi kwa filamu ya namna hiyo. Zinatosha kuamua ni nani atashika kamera ukishaondoka, kumfundisha, na kuandika jina lake kwenye mkataba kama mshirika, pamoja na fungu lake la pesa.

Wala usidhani unaleta sinema mahali pasipo na sinema. Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab hapa Kampala mwaka 2004, na vijana wa Afrika Mashariki wamefundishwa humo bila ada. Kule Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa ambazo wewe utazitumia kwa teksi na chakula cha mchana, na dunia nzima ikaitazama, sauti ya msimulizi wake, VJ Emmie, ikivuma juu yake. Mji huu unajua kutengeneza filamu kwa vilivyopo. Ajiri watu wake: fundi sauti, mpiga picha, mkalimani. Usije na kikosi kizima kutoka nje halafu uandike “ushirikishwaji wa jamii”.

Sauti ya VJ ndiyo inayonileta kwenye fungu moja la bajeti ambalo sijawahi kuliona kwenye andiko la mtu yeyote: kibanda. Namaanisha ukumbi wa video wa mtaani, mabenchi ya mbao, madirisha yaliyozibwa kwa maboksi, spika kubwa kuliko mlango, na VJ anayetafsiri filamu kwa Kiganda juu ya sauti yake, akifafanua na kutania. Mlipe mwenye kibanda. Mlipe VJ bei yake kamili. Weka pesa ya jenereta. Na onyesha filamu hapo kabla hujafunga uhariri, wala si baada ya tamasha la Ulaya, ili wanachokisema watu kiweze bado kuibadilisha. VJ usimwekee mipaka. Atatafsiri pia pale ulipodanganya, ukumbi utaguna, nawe utajua dakika ipi ya kukata. Mtu wa nyuma atapaza sauti kwamba mfereji ule si wa Bwaise, ni wa Kalerwe. Andika. Watacheka kwenye tukio uliloliona la huzuni. Andika hilo pia, kwa herufi kubwa.

Nnalongo akae mbele, karibu na mlango. Mwambie VJ ateremshe sauti kidogo mkono wake unapopanda kizingiti. Na tone la kwanza likigonga bati, usingoje la pili; zima mashine. Kuna mtu ameshasema “Enkuba ejja,” mvua inakuja, na ukumbi mzima una safari moja. Kamera iache na mwenye kibanda. Vaa yale mabuti ya kijani, mkimbilie Nnalongo, ukamshikie upande wa pili wa godoro.